Kumsimamisha Mgeni Wima

Kabla ya saa mbili asubuhi ukumbi umeshafagiliwa na kupigwa deki, na vifaa vimepangwa ukutani. Mablanketi mazito ya pamba yamekunjwa mara tatu, upande uliokunjwa ukitazama chumba na matamvua yakitazama ukuta. Matofali ya mbao nyepesi yamesimama kwa safu. Mikanda yenye vifungo vya chuma imetundikwa misumarini. Mito mirefu iliyoshindiliwa pamba imelazwa pembeni, na nyuma ya mlango vimeegemezwa viti vya chuma vya kukunja, vilivyotolewa ubao wa mgongo ili mtu aweze kupitisha miguu. Ni Nairobi, mwezi wa Julai, na sakafu ya mbao ina baridi ya kukunja vidole vya miguu. Mkufunzi, mama wa makamo mwenye mvi alizozikata fupi, anapita mbele ya mablanketi, anachomoa moja lililokunjwa ovyo, analifungua lote, analikunja upya na kulirudisha mahali pake. Blanketi lililopinda, anasema, litampindisha atakayelikalia.

Waliokaa mbele yake ni wanagenzi wa ualimu wa yoga. Yupo muuguzi wa zamu za usiku anayekaribia kustaafu, kijana aliyekuwa mwanasarakasi, karani wa benki, mwalimu wa chekechea, na wengine wachache. Wanasomea ngazi ya chini kabisa ya kazi hii, ile inayomruhusu mtu kufundisha wanaoanza. Kipimo kinachotumika sana duniani ni saa 200 za mafunzo, kilichowekwa na Yoga Alliance, chama cha Marekani kilichoundwa 1999. Kwa wakazi wa Nairobi njia hiyo si ngeni: Africa Yoga Project, iliyoanzishwa na Mmarekani Paige Elenson mwaka 2007, imewafunza vijana wengi wa jiji hili hadi wakawa walimu. Mkufunzi huyu ametokea tawi jingine. Walimu wake walifuata mtindo wa B.K.S. Iyengar wa Pune, India, ambamo mtu husoma miaka kadhaa chini ya mwalimu mmoja kabla hata ya kukubaliwa kuanza mafunzo ya ualimu. Saa 200 anazihesabu, na cheti atakitia sahihi, ila haendeshwi na saa. Mwanagenzi akiuliza lini wataanza kufundisha mikao migumu, humjibu kwa upole kwamba leo wanasimama.

Mkao wa kwanza ni Tadasana, mkao wa mlima. Mpita njia akichungulia dirishani ataona watu waliosimama tu, kama wanaosubiri kitu. Mkufunzi anaanzia chini. Vidole gumba vya miguu vinagusana, visigino vinaachana kidogo. Uzito unagawanywa kulia na kushoto, kisha kati ya kisigino na mnofu ulio chini ya kidole gumba, kisha kati ya ukingo wa ndani wa wayo na ukingo wa nje. Kutoka hapo anapanda. Pia za magoti zinavutwa juu, misuli ya mbele ya mapaja inakazwa kuelekea mfupa, ncha ya chini ya uti wa mgongo inaelekezwa sakafuni, mbavu za mbele hazichomozi, mitulinga inatanuka, makombe ya mabega yanashuka mgongoni, kidevu kinabaki sambamba na sakafu. Inamchukua muda mrefu kufika kisogoni. Akifika, anarudi miguuni, kwa kuwa wakati watu wakishughulikia mabega, uzito ulishahamia vidoleni.

Baada ya kusimama wenyewe, wanagenzi wanagawanywa wawili wawili. Mmoja anasimama, mwingine anamsimamisha kwa maneno, bila kumgusa wala kumwonyesha. Zamu ya kwanza inamwangukia mwanasarakasi, ambaye mwili wake unaweza lolote.

“Simama vizuri,” anamwambia karani. “Nyoosha mgongo. Legeza mabega. Tulia.”

Mkufunzi anamgeukia karani. “Dada, umefanya nini aliposema ‘vizuri’?”

“Nimebana pumzi, Mwalimu.”

“Na aliposema ‘nyoosha mgongo’?”

“Nimetoa kifua.”

Hakuna anayecheka. Mkufunzi anachora mistari mitatu ubaoni na kuandika: kitendo, kiungo, upande. Kila agizo liwe na vyote vitatu, na lisiwe na cha nne. Bonyeza kisigino cha nje chini. Vuta pia za magoti juu. Sogeza makombe ya mabega kuelekea kiunoni. “Vizuri” haimo, kwa kuwa hakuna kiungo kinachoitwa vizuri. Kijana anarudia. Mara hii anasema polepole, anasita kutafuta neno, anafunga macho, anasema. Karani anabonyeza kisigino, na mguu wote, mpaka nyonga, unapata umbo ambalo haukuwa nalo. Mkufunzi anamwacha kijana alione hilo kabla hajampa la pili.

Wengi wa wanagenzi hawa watafundisha kwa Kiswahili, katika kumbi za kanisa, madarasa ya shule na vituo vya vijana, kwa hiyo majina ya viungo ni zana ambazo hazina budi kuwa karibu na mkono. Mkufunzi amewapa orodha waikariri: mtulinga, ukosi, kombe la bega, pia ya goti, muundi, shavu la mguu. Kinena kimo pia, ila mbele ya darasa lenye mama mkwe na wakwe zake anawafundisha kusema mkunjo wa juu ya paja, na kila mtu ataelewa bila kuangalia chini. Agizo la darasa zima hutolewa kwa wingi: bonyezeni, nyoosheni, shusheni. Sahihisho la mtu mmoja hutolewa kwa umoja, kwa sauti ya chini, ukiwa karibu naye, na jina lake halipigiwi kelele ukumbini. Mzee huitwa mzee hata akiwa ameinama.

Mifupa nayo inasomwa, lakini daima pamoja na neno litakalotamkwa. Ukutani pana mchoro wa uti wa mgongo, na mkufunzi anashuka nao kwa fimbo: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana chini yake. Shingo na kiuno vimejipinda kuingia ndani, kifua kimejipinda kutoka nje. Mwalimu akiamuru “nyooka” bila kujua hilo, atawafanya watu wapigane na mipindo ya asili ya migongo yao. Anamwita muuguzi aweke kiganja mgongoni mwa mwenzake na kutafuta mahali kiuno kinapoishia na kifua kuanza. Vidole vya muuguzi vinafika pale mara moja. Vimeinua na kugeuza wagonjwa wengi. Wengine wanahitaji kurudia, na wanarudia hadi mikono yao nayo ipajue.

Inafuata kazi ya macho. Kwa muda mrefu wanagenzi hawafanyi lolote zaidi ya kukaa chini, mgongo ukutani, na kutazama. Mmoja wao anafanya Utthita Trikonasana, mkao wa pembetatu: miguu imeachana zaidi kidogo ya mita moja, wayo wa kulia umegeuzwa nje kabisa, wa kushoto umeingizwa ndani kidogo, mikono imenyooka kwa usawa wa mabega, na anapotoa pumzi anajinyoosha upande wa kulia mpaka mkono wa chini unafika kwenye muundi. Mkufunzi anawahamisha: mtazameni kwa mbele, sasa kwa nyuma, sasa kwa upande. Seremala hufumba jicho moja na kuutazama ubao kwa urefu wake ili aone ulikopinda, na ndivyo hawa wanavyoshuka mpaka usawa wa sakafu wakaufuata mguu kutoka kisigino hadi nyonga. Kwa mbele mkao ulionekana safi. Kwa upande unaonekana makalio yametoka nyuma na kifua kimeanguka mbele. Kwa nyuma, kisigino cha kushoto kinaelea.

“Kisigino cha kushoto hakina uzito, Mwalimu,” anasema muuguzi.

“Umeonaje?”

“Ngozi ya ukingo wake imekunjamana. Ya mguu wa kulia imetanuka.”

Mkufunzi anaenda kulala kifudifudi nyuma ya mwanagenzi yule, ahakikishe mwenyewe, na anainuka akitikisa kichwa kukubali. Kisha anawauliza wote wameona makosa mangapi. Mmoja amehesabu manne, mwingine sita. Sasa, anawaambia, chagueni moja. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana jicho likishafunguka linataka kusema kila kilichoonekana, na mtu aliyepinda mwili huku akitetemeka mapaja hana uwezo wa kusikia mambo sita. Utaratibu anaowapa ni huu. Kwanza, kinachoweza kuumiza: goti linalopinda kwenda ndani husahihishwa kabla ya mkono ulioinama. Pili, kilicho chini, maana kosa la juu mara nyingi huzaliwa miguuni. Tatu, kitu ambacho watu wengi wamekikosea, kwa sababu huenda agizo ndilo lililokosewa. Muuguzi anachagua kisigino. Analitamka agizo, kisigino kinashuka, na bila kuambiwa makalio yanarudi ndani na kifua kinainuka nusu ya njia. Makosa matatu yameondoka kwa maneno manne.

Wiki inayofuata wanageukiana uso kwa uso, safu mbili, kujifunza kuonyesha. Anayeonyesha mbele ya darasa hutoa mguu wa kushoto huku ulimi ukisema kulia, ili wanaomtazama wamfuate bila kugeuza akili. Mkufunzi anaita mikao, nao wanavuruga: ulimi unafuata mguu, au mguu unafuata ulimi. Hana haraka nao. Anawarudisha kwenye mkono mmoja tu: inua wa kushoto, sema kulia, shusha. Tena. Baada ya mikono, miguu. Baada ya miguu, mguu na mkono. Mwalimu wa chekechea anawapita wote, kwa kuwa kila asubuhi ya kazi yake hufanya vivyo hivyo mbele ya watoto wanaojifunza nyimbo za vitendo.

Mwanasarakasi akipewa nafasi ya kuonyesha, anashuka kwenye pembetatu mpaka kiganja chote kimelala sakafuni, kifua kimefunguka kana kwamba hana mbavu. Ni mkao wa kupendeza. Safu iliyo mbele yake inajaribu kumfuata, na mmoja baada ya mwingine wanakunja goti, wanajipinda, wanaegemea mkono.

“Rudi, kaka,” anasema mkufunzi. “Chukua kiti. Weka mkono juu ya kiti, uishie hapo.”

Kwa kijana huyu hilo ni gumu kuliko kushuka. Amezoea kwenda mpaka mwisho wa viungo vyake, wala hajui mkao unaonekanaje nusu ya njia. Anaweka mkono kwenye kiti, na mkufunzi anamtaka aeleze anachokisikia mguuni. Anakiri hasikii kitu. Basi, anaambiwa, kaa hapo mpaka usikie. Wengine wanaendelea na kazi nyingine. Yeye anabaki pale, anatoka, anarudi upande wa pili, na mwishowe anataja mvuto mdogo kwenye msuli wa nyuma ya paja, karibu na goti. Mkufunzi anamwambia akumbuke alipousikia, kwa sababu mtu anayeanza huwa anausikia hapo hapo, kwa nguvu mara kumi, na ndiye atakayekuja darasani kwake.

Vifaa vina historia inayosimuliwa vikiwa mikononi. Iyengar alizaliwa 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, akakua na maradhi. Alijifunza Mysore kwa shemeji yake T. Krishnamacharya, na 1937, akiwa hajatimiza miaka 20, akatumwa Pune kufundisha. Kwa miaka mingi akapokea watu wa kila namna, wagonjwa na wazee na wagumu wa viungo, akatafuta vitu vya kuwafikisha pale ambapo miili yao peke yake isingefika: tofali, kamba, kiti, mkanda. Kitabu chake Light on Yoga cha 1966 kina picha karibu 600 za yeye mwenyewe katika mikao, na mikao hiyo imewatisha wengi. Lakini katika taasisi yake, iliyofunguliwa Pune mwaka 1975, mwenye goti bovu alipewa kiti na mkao ukaletwa mpaka alipo.

Mkufunzi anafundisha vifaa hivyo kimoja kimoja, kila kimoja na tatizo lake. Mtu ameketi Dandasana, miguu imenyooka mbele, na mgongo wake umejikunja kama mzigo: misuli ya nyuma ya mapaja imevuta fupanyonga kurudi nyuma. Kumwambia “nyooka” ni kumwonea. Anachukua blanketi moja, anamkalisha juu yake, anasubiri, anatazama kiuno. Bado. Anaongeza la pili, na kiuno kinaingia mahali pake. Anawataka wanagenzi wataje sababu kabla ya kuendelea: makalio yameinuka, misuli imepata nafuu, fupanyonga limeweza kusimama. Tofali lina vimo vitatu, likilazwa, likisimamishwa kwa ubavu, au kwa wima, na mwanagenzi hutakiwa kumtazama mtu na kuchagua kimo kabla hajainama. Mkanda humfikisha kwenye wayo wake yule ambaye mikono yake inaishia gotini. Ukuta ndio kifaa kikubwa kuliko vyote, na hauna gharama: kisigino kikibanwa ukutani, mguu wote hupata mahali pa kuanzia.

Mikono ya mwalimu huja baadaye, na si kwa kuwa imesahauliwa. Mkufunzi anataka maneno yaishe kwanza, kisha vifaa, ndipo mkono. Na kabla ya mkono, ruhusa: “Naomba nikuguse begani.” Jibu likichelewa, hilo ni jibu. Kiganja huwekwa chote, bapa, kwenye mfupa au msuli mkubwa. Hakitekenyi, hakivuti, hakisukumi mtu apite mpaka wake. Kinaonyesha upande, halafu kinaondoka. Kwa mwanamume anayemfundisha mama aliyejitanda mtandio, anawaonyesha jinsi ya kumzungushia mkanda kwenye nyonga na kushika ncha zake kwa mbali, ili mkanda uguse badala ya mkono. Wanalirudia zoezi hilo mara nyingi, na anayesahau kuomba ruhusa huanza upya, hata kama mkono wake ulikuwa sahihi.

Somo la tahadhari analifundisha kwa sauti ile ile, bila vitisho. Mwenye shinikizo la juu la damu na mwenye presha ya macho hawaelekezwi kichwa chini. Mjamzito hakandamizwi tumbo kwa kujipinda wala kulazwa kifudifudi. Kusimama kwa mabega, Sarvangasana, kunapofika wakati wake hufanywa juu ya mablanketi yaliyopangwa sawasawa chini ya mabega, kichwa kikiwa chini kidogo, ili shingo isibebe mwili; na hapa mpangilio wa blanketi anaoukazania kila asubuhi unapata maana yake yote, kwani mkunjo mmoja uliopinda unaigeuza shingo. Lakini wanaoanza hawatapewa mkao huo. Watalala, miguu imeegemezwa ukutani, na watapata pumziko ambalo hata muuguzi wa zamu ya usiku anajua thamani yake.

Kuna maswali ambayo si ya viungo. Watu watauliza kama yoga ni dini, na mkufunzi hataki yajibiwe kwa kukwepa. Wanagenzi wanasoma Yoga Sutra za Patanjali, wanajifunza kwamba njia ile ina viungo vinane na kwamba asana, mikao, ni cha tatu tu, kikiwa kimetanguliwa na mwenendo wa mtu kwa wenzake na kwa nafsi yake. Wanajifunza kusema mikao ilikotoka, kuitaja kwa majina yake ya Kisanskriti, na kutomlazimisha mtu yeyote kutamka maneno asiyotaka. Atakayeondoka kwa sababu ya imani yake asindikizwe mpaka mlangoni kwa heshima.

Baada ya haya yote ndipo wanakaa kuandika mpango wa somo. Kila mmoja ana dakika 60 na karatasi. Rasimu za kwanza zinarudi zimejaa: mikao kumi na minane, ishirini. Mkufunzi hafuti hata mmoja. Anachukua saa, anamwambia mwandishi awaongoze wenzake kwa mpango huo kama alivyouandika, na dakika 60 zikiisha wamefika nusu, wamechoka, na hakuna aliyelala. Kisha wanaanza kupunguza. Chagueni mkao mmoja mkuu wa siku, anawaambia, mjiulize mwili unahitaji nini ili ufike hapo. Kama ni Virabhadrasana wa pili, mkao wa shujaa, mapaja yawe yameshaamka na nyonga zimefunguka. Basi tanguliza mlima, mti, pembetatu. Baada ya mikao ya kusimama, shusha watu sakafuni. Usiwarushe kutoka kuinama mbele hadi kupinda nyuma bila kuwapa mkao wa kati. Na dakika za mwisho zitengwe kwanza kabla ya nyingine zote, kwa kuwa ndizo zinazoibwa.

Dakika hizo ni za Savasana, mkao wa maiti, ambao mwanasarakasi alidhani hauhitaji kufundishwa. Mkufunzi anautumia asubuhi nzima. Kidevu kikielekea dari, blanketi chini ya kichwa. Kiuno kikiuma, miguu juu ya kiti. Miguu iachane, viganja viangalie juu, mikono isigande mbavuni. Mwili ukitulia hupoa, kwa hiyo funika watu, hasa kwa baridi ya Julai. Mjamzito alale ubavu. Mwalimu aseme kidogo, kisha anyamaze, na akinyamaza asitembee ovyo wala asiangalie simu. Atazame vifua, ahesabu nani bado anapumua juu juu. Kuwaamsha kuna utaratibu: vidole kwanza, magoti yakunjwe, mtu ageukie ubavu, angoje, ajisukume kwa mkono, na kichwa kiwe cha mwisho kuinuka. Wanagenzi wanalazwa na kuamshwa mara kadhaa, kila mara na mwenzao mwingine, mpaka sauti ya kuamsha isimshtue mtu.

Mtihani unafanywa mbele ya watu halisi. Majirani wamealikwa: mama muuza mboga wa kona, walinzi wawili waliomaliza zamu, mzee mwenye fimbo, wasichana wa chuo. Muuguzi anaanza. Sauti yake ni ndogo, walio nyuma wanakosa maagizo mawili, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Anampa mzee kiti kabla hajaomba, na kumwambia mlinzi mmoja, kwa umoja na kwa sauti ya chini, atoe uzito vidoleni.

Mwanasarakasi anafuata, na mkao wake mkuu ni Virabhadrasana wa pili. Anaonyesha mara moja tu, nusu ya njia, mguu wa kushoto na neno la kulia, kisha anaacha kuonyesha na kuanza kutembea kati yao. Goti la muuza mboga linaanguka ndani. Kijana analiona kwa nyuma, anazunguka aone kwa mbele, anafungua mdomo, anaufunga. Mkufunzi ameinua kalamu na anangoja naye. “Mama, peleka goti kuelekea kidole kidogo.” Goti linasogea, muundi unasimama wima, na mama yule anapata nguvu ya kubaki pumzi tatu zaidi. Kijana haongezi neno. Anaenda kwa mwingine.

Tathmini inasomwa kwa faragha, mtu mmoja mmoja, na kila mtu anapewa mambo machache tu, kama yeye alivyofundishwa kuwapa wengine. Muuguzi: paza sauti, usiombe radhi kabla ya agizo, endelea kutazama. Mwanasarakasi: amefaulu, ila somo la kulaza watu atalifundisha tena Jumamosi ijayo, kwa sababu aliwaamsha wakiwa bado wanazama. Anakubali. Jumamosi hiyo mkufunzi atakuja, atalala nyuma kabisa ya darasa miongoni mwa wanafunzi, na kufuata maagizo kama mgeni.

Cheti watakachopata kina mipaka iliyoandikwa waziwazi. Kinaruhusu kufundisha mikao ya kusimama, ya kukaa, ya kupumzika. Kusimama kwa kichwa hakumo, wala mipindo mikubwa ya nyuma. Wapo wanaokiona kama ruhusa ya nusu. Baada ya kumtazama mama huyu akitumia asubuhi nzima kumfikisha mtu kisigino chake sakafuni, naona mipaka hiyo imepimwa kwa haki. Anayeweza kumpokea mgeni asiyeujua mwili wake, akamsimamisha wima, akamlaza, na kumwinua tena bila kumuumiza, ana kazi ya kumtosha miaka mingi, na mkufunzi mwenyewe, pamoja na mvi zake, hajaimaliza.